Sketi ya Emma Livry

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Kabla ya somo kuanza, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya, na wanafunzi wayasome kwa sauti: jukwaa, shashi, gagulo, wanga, shabu, amri.

Natumaini mmekaa vizuri, taa inawaka, na kila mtu ana daftari lake.

Leo nataka kuwaeleza habari za mchezo mmoja wa Ulaya uitwao baleti, na hasa habari za nguo walizovaa wachezaji wake kati ya mwaka 1832 na mwaka 1863. Huenda yuko mama mmoja kule nyuma ya darasa anayejiuliza: “Nguo za wacheza ngoma wa Ulaya zinanihusu nini mimi?” Mama, nivumilie kidogo. Ndani ya habari hii yumo binti wa miaka ishirini, na kabla hatujamaliza utataka kujua yaliyompata.

Kwanza tujue baleti ni nini. Baleti ni hadithi inayochezwa jukwaani bila maneno. Wachezaji hawasemi, wala hawaimbi. Watu wa muziki wanapiga vyombo vyao, nao wachezaji wanaieleza hadithi kwa miguu, kwa mikono na kwa uso. Katika miaka tunayoizungumza, nyumba kubwa kuliko zote ya mchezo huo ilikuwa Opera ya Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Jumba lenyewe lilikuwa katika barabara ya Le Peletier. Matajiri walikata tikiti za mwaka mzima, wakawa na viti vyao wenyewe, na wengine wakapata ruhusa ya kuingia nyuma ya jukwaa kuzungumza na wachezaji. Wachezaji wengi walikuwa watoto wa maskini. Wale wadogo waliokuwa wakifundishwa waliitwa “panya,” labda kwa sababu walikuwa wengi, wembamba, na kila wakati wanatafuna kitu. Jina la kejeli, lakini hata leo wanafunzi wa shule ya Opera ya Paris huitwa hivyo.

Sasa tuje kwenye nguo. Tarehe 12 Machi 1832 ulionyeshwa mchezo mpya katika jumba lile, jina lake La Sylphide. Hadithi yake ni ya kijana wa Scotland anayekaribia kuoa. Pepo mwanamke wa hewani anampenda, anamjia akiwa amelala kitini, na kijana anamwacha mchumba wake na kumfuata pepo huyo mwituni. Huko mchawi anampa kitambaa, akimwambia kwamba akimfunga nacho, pepo hataweza kuruka tena. Kijana anamfunga. Mabawa ya pepo yanaanguka, naye anakufa.

Aliyecheza kama pepo alikuwa Marie Taglioni, na aliyemtungia mchezo ni baba yake mzazi, Filippo Taglioni. Baba huyo alikuwa mwalimu mkali. Alimfanyisha binti yake mazoezi ya saa nyingi kila siku mpaka akaweza kusimama juu ya ncha za vidole vya miguu na kutua chini bila kusikika. Wako waliopanda juu ya vidole kabla yake, lakini walionekana wanajitahidi. Marie alipopanda, watu hawakuona jitihada yo yote. Waliona kitu kisicho na uzito.

Na viatu vyake, msidhani vilikuwa na kipande cha mti ndani, au gamu ngumu kama viatu vya wacheza baleti wa siku hizi. Vilikuwa viatu laini vya hariri ya atlasi, vyepesi kama soksi, vimeshonewa nyuzi pembeni na chini ya vidole ili visipasuke upesi. Nguvu yote ilitoka katika mguu wenyewe. Inasimuliwa kwamba mashabiki wake huko Urusi walinunua jozi moja ya viatu vyake, wakaipika, wakaila kwa mchuzi. Mimi sikuwako, kwa hiyo sitaapa kwamba ni kweli. Lakini hakuna anayemzulia mtu hadithi ya namna hiyo kama hakupendwa kupita kiasi.

Juu ya viatu hivyo ilikuwa sketi. Sikilizeni vizuri hapa, kwa maana ndipo penye kiini cha somo letu. Sketi ile ilikuwa nyeupe, umbo lake kama kengele, inafika katikati ya goti na kifundo cha mguu. Ilitengenezwa kwa nguo nyembamba sana ya pamba, ile tunayoiita shashi au melimeli, tabaka juu ya tabaka, na magagulo chini yake. Kila tabaka peke yake lilikuwa kama ukungu: ukiweka mkono nyuma yake unauona. Yalipokuwa pamoja yalisimama yenyewe, yakajaa hewa. Mchezaji akiruka, sketi inapanda nyuma yake taratibu na kushuka nyuma yake taratibu, hata mtazamaji anadhani ni yeye mwenyewe aliyekawia hewani.

Nguo ya namna hiyo zamani ilikuwa ghali. Wavu mwembamba ulisukwa kwa mikono, na wanawake walipoteza miezi juu ya kipande kimoja. Kisha Mwingereza mmoja, John Heathcoat, alitengeneza mashine ya kusuka wavu huo, akapata hati ya kuilinda kazi yake mwaka 1809. Tangu hapo wavu ukawa wa bei nafuu. Kama umepata kulala ndani ya chandarua cha pamba cha zamani, basi umeshika kwa mkono wako ndugu wa karibu wa sketi ya Marie Taglioni. Lakini nguo hizi hazikufanana na merikani, ile nguo nzito ya pamba ambayo miaka hiyo hiyo wafanya biashara wa Marekani walikuwa wakiileta Unguja. Merikani ilitakiwa idumu. Shashi ya jukwaani ilitakiwa ionekane kama haipo.

Jambo la tatu lilikuwa taa. Zamani majumba ya michezo yalitumia mishumaa na taa za mafuta. Mwaka 1822 jumba la Le Peletier lilianza kutumia gesi. Gesi hiyo ilipatikana kwa kuchoma makaa ya mawe katika matangi yasiyoingia hewa, kisha ikapitishwa katika mabomba mpaka ndani ya jumba. Mtu mmoja aliweza kuzungusha bomba na kuzipunguza au kuziongeza taa zote kwa mara moja. Jukwaa likawa samawati kama usiku wa mbalamwezi. Katika mwanga huo sketi nyeupe iling’aa kama inawaka yenyewe kwa ndani. Taa zilipangwa mbele ya jukwaa, chini, karibu na miguu ya wachezaji, na nyingine ziliwekwa pembeni wanakoingilia. Mara nyingi moto wake ulikuwa wazi.

Baada ya La Sylphide kila jumba lilitaka mapepo yake. Mwaka 1841 ukaja mchezo wa Giselle, mchezaji wake mkuu akiwa Carlotta Grisi, na humo wanatokea mabinti waliokufa kabla ya kuolewa, wote wamevaa shashi nyeupe. Fanny Elssler yeye alipenda njia nyingine. Alicheza ngoma ya Kihispania kwa nguo ya atlasi ya waridi yenye kimia cheusi, na watazamaji wakagawanyika, hawa wa Taglioni, hawa wa Elssler, wakabishana kama watu wanavyobishana juu ya timu za mpira. Mwaka 1845, London, wachezaji wanne mashuhuri waliwekwa katika mchezo mmoja: Taglioni, Grisi, Fanny Cerrito na Lucile Grahn. Malkia Victoria naye alikwenda kuwatazama.

Wanawake wa mjini waliotoka kutazama walitaka kufanana na waliowaona. Wakachana nywele zao katikati kama Taglioni na kuzilaza juu ya masikio. Sketi za mitaani zilizidi kupanuka, mpaka uzito wa magagulo ukawa taabu. Mwaka 1856 ndipo kikatokea kizimba cha pete za chuma cha kuvaa chini ya gauni, na gauni likasimama mbali na mwili kama kuba. Mvaaji hakuweza tena kujua pindo lake limefika wapi. Nyumbani kulikuwa na mishumaa na sehemu za kuotea moto. Mnaweza kukisia yaliyofuata. Si wacheza baleti tu walioungua katika miaka hiyo.

Kwa nini shashi huwaka upesi hivyo? Moto unahitaji kitu cha kula na hewa. Merikani nzito iliyokunjwa haina hewa nyingi ndani yake, kwa hiyo inafuka moshi na kuungua polepole, nawe unapata nafasi ya kuizima. Lakini shashi ni uzi mwembamba uliozungukwa na hewa pande zote, na tabaka nyingi za shashi zinazotengana ni kama kuni zilizopangwa kwa ustadi na mpishi hodari. Moto ukigusa pindo unapanda mpaka kiunoni kabla mvaaji hajageuza shingo. Akikimbia anaupepea. Msijaribu jambo hili nyumbani, tafadhali. Nimewaeleza ili msiwe na haja ya kujaribu.

Tarehe 14 Desemba 1844, katika jumba la Drury Lane huko London, sketi ya mchezaji kijana Clara Webster iliguswa na moto wa taa mbele ya watazamaji. Alikufa siku tatu baadaye. Mwaka 1861, Philadelphia, nchini Marekani, moto ulimshika mchezaji mmoja katika chumba cha kuvalia. Dada zake walikimbia kumsaidia, nao walikuwa wamevaa nguo zile zile. Wengine wakajitupa madirishani. Wasiopungua 6 walikufa. Fikirini jambo hili: upendo wenyewe ulikuwa hatari, kwa sababu kila aliyemkaribia mwenzake alikuwa amevaa kuni.

Na msidhani kwamba hapakuwa na dawa. Dawa ilikuwapo. Mwaka 1821 mtaalamu wa Ufaransa, Gay-Lussac, alikwisha kuonyesha kwamba nguo iliyochovywa katika maji yenye chumvi fulani haishiki moto kwa urahisi. Baadaye Mfaransa mwingine aliyeitwa Carteron alitengeneza maji yake yenye shabu na boraksi. Shabu mnaijua, ni ile chumvi iliyo kama jiwe jeupe ambayo watu huitumia kusafishia maji ya mto. Nguo iliyochovywa na kukaushwa ilifuka moshi tu ikiguswa na moto. Mwezi wa Novemba 1859 serikali ya Kaisari Napoleon wa Tatu ikatoa amri: nguo na mapazia ya michezo yatiwe dawa hiyo.

Kuna kasoro moja tu. Nguo iliyotiwa dawa iligeuka ngumu kama iliyotiwa wanga mwingi. Ilipoteza weupe wake ikawa na rangi ya kufifia, na mchezaji aliporuka haikupanda na kushuka kama ukungu.

Sasa tumefika kwa Emma Livry. Mama yake alikuwa mcheza baleti wa Opera. Emma alionekana jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1858, akiwa na miaka kumi na sita, na mchezo aliopewa ulikuwa La Sylphide, ule ule wa Taglioni. Hakuwa mzuri wa sura kwa macho ya watu wa Paris. Walimwona mwembamba mno. Lakini aliporuka walinyamaza. Habari zilimfikia Marie Taglioni, aliyekuwa ameacha kucheza na kuhamia Italia. Bibi yule alisafiri mpaka Paris kumtazama, akamwona kama anajitazama mwenyewe ujanani, akabaki kumfundisha. Mwaka 1860 alimtungia mchezo wake mwenyewe, Le Papillon, maana yake Kipepeo, na muziki wake ukatungwa na Offenbach. Katika hadithi hiyo binti anageuzwa kipepeo, anavutwa na mwanga wa mwenge, na mabawa yake yanaungua. Sikuyatia mimi maneno hayo. Ndivyo mchezo ulivyotungwa.

Siku chache kabla ya kipepeo huyo kuonekana, Emma alimwandikia barua mkurugenzi wa Opera. Alisema kwamba katika maonyesho ya kwanza atacheza kwa sketi yake ya kawaida, isiyotiwa dawa, na kwamba lo lote litakalotokea, dhima ni yake mwenyewe. Barua ikapokelewa. Amri ya Kaisari ikabaki ukutani, na Emma akacheza kwa shashi safi.

Nakiri kwamba niliposoma habari hii mara ya kwanza nilisema moyoni, “Mjinga huyu!” Siku hizi siwezi kusema hivyo. Emma hakuwa na shamba, wala duka. Mali yake ilikuwa namna alivyoonekana akiwa hewani kwa muda usiotimia sekunde mbili. Mpe sketi ngumu ya rangi ya kufifia, nawe umemwambia mvuvi aende baharini na wavu wenye matundu. Watazamaji walilipa kuona ukungu. Mkurugenzi aliuza tikiti za ukungu. Kila mtu katika jumba lile alijua hatari, lakini ni mmoja tu aliyeiandikia barua ya kuibeba peke yake, naye alikuwa binti ambaye hajatimiza miaka ishirini. Barua kama ile inamfaa nani zaidi, aliyeiandika au aliyeipokea? Mimi nina jibu langu. Nyinyi mtatafuta lenu.

Tarehe 15 Novemba 1862 palikuwa na mazoezi jukwaani ya mchezo wa La Muette de Portici. Emma alipewa sehemu ya msichana bubu. Alikuwa akingoja zamu yake pembeni, akataka kuketi. Mchezaji hapendi kuikalia sketi yake, kwa maana tabaka zitalala na kukunjika. Kwa hiyo aliiinua na kuipungapunga ili imzunguke vizuri. Upepo wa sketi ukautikisa moto wa taa iliyokuwa karibu, na moto ukashika.

Alitoka akikimbia jukwaani, moto ukipanda juu kuliko kichwa chake. Alilizunguka jukwaa kabla ya askari wa zimamoto kumkamata na kumfunika kwa blanketi. Ilikuwa kitambo kifupi tu, lakini mmekwisha kusikia habari za shashi. Vifupa vya koseti, ile nguo ya ndani ya kubana kiuno, vilikuwa vimegandamana na nyama ya mwili.

Aliishi miezi minane. Uso wake haukuguswa. Taglioni alikuwa karibu naye, na mama yake pia. Inasemekana mtu mmoja aliyekuja kumtazama alizungumza juu ya zile nguo zilizotiwa dawa, naye Emma akajibu kwamba ni kweli hatari yake ni ndogo, lakini kama angepata kurudi jukwaani asingezivaa, kwa sababu hazipendezi. Katika majira ya joto walitaka kumpeleka mahali penye hewa nzuri nje ya mji. Safari ikavitonesha vidonda. Alifariki Neuilly, karibu na Paris, tarehe 26 Julai 1863, akazikwa katika makaburi ya Montmartre.

Baada ya hapo majumba ya michezo yaliongeza ulinzi. Mablanketi yaliyoloweshwa maji yaliwekwa tayari pembeni mwa jukwaa, na moto wa taa ukazungushiwa kinga. Lakini shashi haikuachwa. Sketi zilizidi kufupishwa katika miaka iliyofuata, mpaka zikawa zile fupi zinazosimama kama sahani kiunoni, na hilo nalo liliweka pindo mbali zaidi na taa za chini, ingawa sidhani kama mafundi walifikiria hivyo. Walitaka miguu ionekane. Jumba la Le Peletier lenyewe liliteketea mwezi wa Oktoba 1873. Mwaka 1881 jumba la Savoy, London, liliwashwa lote kwa umeme, na majumba mengine yakafuata. Hapo ndipo mcheza baleti alipoweza kupunga sketi yake pembeni mwa jukwaa bila kufikiri.

Vipande vilivyosalia vya nguo aliyovaa Emma siku ile havikutupwa. Vimehifadhiwa katika makumbusho ya Opera ya Paris, vitambaa vichache vyenye rangi ya kahawia vilivyokuwa vyeupe.

Sasa fungueni madaftari. Kila mmoja ajifanye kuwa mkurugenzi wa Opera, mwaka 1860. Barua ya Emma iko mezani kwako, na mchezo unaanza baada ya siku chache. Mwandikie jibu, mistari sita au saba. Anza na tarehe, kisha jina lake, na usisahau kutia sahihi yako chini. Atakayemaliza amsomee jirani yake kwa sauti, na jirani aseme kama Emma angeridhika nalo.

Kwaherini mpaka somo lijalo.